Mama Stoo na Uyoga Asioula

Mwanamke aliyenifundisha kuujua uyoga hajawahi kuutia mdomoni. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu nikiwasimulia watu habari zake, wengi hudhani nimekosea kusema. Sijakosea. Miaka yote niliyofanya naye kazi katika mkahawa mmoja wa Jumeirah Lake Towers, Dubai, kila uyoga ulioingia jikoni ulipita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja uliopita kooni mwake. Alitegemea macho. Macho yale yangekosea, mtu angelala hospitali, na sote jikoni tulilijua hilo kila tulipopokea sinia kutoka kwake.

Tulimwita Mama Stoo. Jina lake lilikuwa kwenye beji kifuani, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia, hata bosi. Alikuwa Mganda, mama mnene wa wastani, mwenye mwendo wa taratibu na ulimi wa haraka. Dubai nzima ikiwaka jua, yeye alivaa masweta mawili na soksi za sufu, kwa sababu stoo yake ilikuwa kati ya vyumba viwili vya baridi. Akitoka kwenda kusubiri metro alikuwa akiyavua njiani, moja baada ya jingine, na akifika kituoni unaweza kudhani ni mtu mwingine kabisa, kapungua.

Kiswahili alikiokota hukuhuku. Kwao, alisema, walikuwa wakikiita lugha ya askari, na alipokuwa mdogo mtu akibisha mlango kwa Kiswahili walijificha. Dubai ikamkutanisha na Wakenya na Watanzania, akaona hapa usipokijua utakula peke yako. Akajifunza kwa kutugombeza. Sarufi yake ilikuwa ya kwake mwenyewe na hakutaka msaada. Siku moja nilimsahihisha neno, akaniuliza kama nimemwelewa. Nikasema nimemwelewa. Akasema basi khalas, neno limefanya kazi yake, liache lipumzike.

Hivyo ndivyo alivyokuwa katika mambo yote. Ukimkosoa bei ya nyanya, ukimkosoa mstari wa Biblia, ukimwambia lifti ya kulia inafika haraka kuliko ya kushoto, ulikuwa umejitafutia ugomvi wa mchana mzima. Lilikuwapo jambo moja tu ambalo alitaka kukosolewa, na kulitaka kwenyewe alikutaka kwa ukali: uyoga. Kila mpishi mpya alipewa somo hili siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa ndoo za kuoshea vyombo zilipo. Ukiona mmoja una walakini, sema. Hata kama ni mimi nimeupitisha, sema. "Uyoga hauheshimu mkubwa," alikuwa akisema. Akimaliza anakutazama mpaka uitikie.

Uyoga wenyewe uliompa cheo ulikuwa moreli. Wapakistani wanauita guchi. Kwetu haupo, kwa hiyo nitaueleza: ni mdogo, kofia yake imechongoka na ina vishimo vishimo kama sega la asali, na ukikauka unakuwa mwepesi na mweusi, mtu asiyeujua anaweza kuufagia akidhani ni takataka. Bei yake ni ya kuogopesha. Ulikuwa unaletwa na mzee mmoja wa Kipakistani kutoka milima ya kwao, umetungwa kwenye uzi kama shanga, na kila alipokuja stoo palikuwa na mkutano.

Mzee yule alikuwa na Kiarabu cha sokoni, Mama Stoo alikuwa na Kiingereza cha kazini, na vyote viwili waliviweka kando baada ya salamu. Walizungumza kwa vidole. Mama Stoo alichomoa mmoja kutoka kila uzi, akaulowesha kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu mpaka ukalainika, kisha akaupasua kwa kisu kidogo kutoka kichwani hadi mguuni. Moreli ya kweli, ukiipasua hivyo, ni tupu ndani, uwazi mmoja unaotoka juu mpaka chini. Na kofia yake imeungana na shina. "Hii imeshonwa," alikuwa akisema. Ule wa uongo una pamba ndani, au umegawanyika vyumba vyumba, na kofia yake haikushonwa, imevalishwa tu: imeshikwa juu, pembeni inaning'inia kama sketi. Mwingine hauna hata vishimo, umekunjamana tu kama ubongo. Akiukuta huo, anaweka kisu chini, anamtazama mzee. Mzee anaweka mkono kifuani. Uzi mzima unarudi kwenye mfuko, hakuna aliyepandisha sauti, na chai inaletwa.

Nilimpenda zaidi kwa neno lake la pili kwa umaarufu, ambalo ni "sijui". Alilitamka kwa kifua mbele, kama mtu mwingine anavyotamka shahada zake. Uyoga asioujua hakuukisia, hakuutafutia sababu, hakumwonea haya aliyeuleta. Sijui, na ndoo ya taka ile pale. "Nikikuambia sijui, shukuru," alituambia. Wapo wataalamu wengi niliowaona Dubai, na kuna wengine wangekuwa bora sana kama wangejifunza neno hilo moja.

Sasa niseme nilivyomfahamu, maana tulianza vibaya. Mimi ni mtu wa Mufindi. Kwetu mvua za kwanza zikinyesha, watoto na bibi zao wanaingia porini na vikapu, na nyumbani kwetu kulikuwa na sheria isiyovunjwa: aliyechuma ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wote. Bibi yangu alikuwa anatafuna, anameza, anakaa. Sisi tunasubiri. Akiomba maji au akianza kusimulia habari za majirani, tunajua tumeruhusiwa. Nilikua nikijua kwamba mchumaji asiyeonja ana neno moyoni.

Wiki yangu ya kwanza pale mkahawani, Mama Stoo alitupikia wafanyakazi chakula cha mchana: uyoga uliobaki, vitunguu, karanga za kusaga, na wali. Harufu yake ilitutoa mate. Akapakua, akatugawia wote, kisha akakaa pembeni na kufungua kontena lake. Ndani mlikuwa na ndizi na maharage. Nikarudisha sahani mezani. Wenzangu wakaniuliza nina nini. Nikawaambia kwa Kiswahili cha wazi: mpishi hali alichopika, na mimi sili. Watanzania wenzangu wakaacha. Wakenya wakasita. Chakula kizuri vile kikamwagwa, na kufikia jioni jiko lote lilikuwa linanong'ona kwamba Mganda wa stoo anajua kitu.

Kesho yake aliniita. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nimeyaandaa ya kujibu. Alifunga mlango, akanipa sweta lake moja kwa sababu aliona natetemeka, akaweka bakuli la moreli mbele yangu.

"Wewe mtoto wa Tanzania, sikia," alisema. "Mimi sikulangi uyoga kwa sababu uyoga ni ndugu yangu."

Akanieleza. Kwao Buganda kila ukoo una kitu chake ambacho watu wake hawakigusi kwa meno. Wako wa Simba, ambao kwao si kazi ngumu. Wako wa Senene, wale panzi wa msimu, na hao ndio wa kuhurumiwa, maana msimu ukifika nchi nzima inatafuna senene nao wanatazama. Yeye ni wa ukoo wa Uyoga. Alifundishwa kuujua tangu mdogo, aina kwa aina, ili asije akaula kwa bahati mbaya kwenye nyumba ya watu. Kitu usichokila, alisema, ndicho unachotakiwa kukijua sana, kwa sababu anayekula anaweza kubahatisha na wewe huwezi.

Nikamwambia habari za bibi yangu na kuonja kwake. Alisikiliza vizuri, akanisifia bibi. Halafu akaniuliza, uyoga mbaya kabisa unaua baada ya muda gani? Sikujua. Akasema ule mbaya kabisa una ladha nzuri, unakula leo unasifu, unalala salama, na maumivu yanakuja baadaye, wakati wageni wote wameshashiba. "Ulimi unajua chumvi," alisema. "Haujui sumu." Bibi yako, akaendelea, hakuwalinda kwa mdomo, mwanangu. Aliwalinda kwa macho, porini, kabla hajapika. Kuonja ilikuwa adabu tu.

Nilikasirika kidogo, sikatai. Mtu anapokugusia bibi yako lazima ukasirike. Lakini niliwaza njia nzima kurudi Karama, mtaa tuliokuwa tukiishi, na sikupata pa kumshika. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiingia stoo kila nilipopata nafasi, na alinifundisha kupasua, kulowesha, kutazama mahali kofia inapokutana na shina. Alinifundisha pia kwamba moreli, hata ya kweli, haiguswi mbichi wala nusu mbichi, inapikwa ikapikika, na maji ya kulowekea yanachujwa mchanga. Somo la mwisho alilirudia kila mara, kwa sababu wapishi wana tabia ya kuonja onja sufuria.

Aliupika vizuri kuliko sisi tulioula. Hili la kupika asichoonja lilimsumbua shefu mpya alipokuja, Mfaransa mrefu, mtu mwema lakini wa kufuata kanuni. Aliweka utaratibu kwamba kila anayepitisha kiungo aonje sampuli iliyopikwa mbele yake. Mwenye nyama aonje nyama, mwenye jibini aonje jibini. Kwa Mama Stoo ilikuwa hivi: aonje uyoga, au ahamie kwenye kuosha vyombo. Na sote tulijua kuosha vyombo kule ni mlango wa kutokea, kwa umri wake na magoti yake. Mkataba ukikatika, viza inakatika.

Alimwambia, sir, mimi siwezi kula ndugu yangu. Shefu hakucheka, nampa heshima yake kwa hilo. Alisema anaelewa, lakini yeye naye ana wateja. Mama Stoo akasema sawa, akaanza kuvua sweta la juu, kana kwamba anahama muda uleule. Hakubembeleza. Nilimtazama anavyolikunja. Nikasema mimi nitaonja.

Shefu akauliza, kwa niaba yake? Nikasema ndiyo, yeye atazame, mimi nionje, kazi ni ileile ila watu ni wawili. Alifikiri, akakubali. Basi nikawa ulimi wa Mama Stoo. Mimi, niliyemwaga chakula chake, nikawa nakula kila alichosema ni kizuri, mbele ya shefu, na sikuwahi kusita tena.

Ikawa desturi yetu. Ananipikia vipande viwili vitatu kwenye kikaango kidogo, naviweka mdomoni, yeye anakaa kwenye kreti mbele yangu na kunitazama nikitafuna. Nikimeza, anauliza neno moja tu.

"Chumvi?"

Hakuwahi kuniuliza kama niko salama. Hilo alikuwa nalo tayari, alilimaliza kwa kisu kabla hajawasha moto. Alitaka kujua kile ambacho kweli hakukijua. Nami nilijibu imetosha, au imezidi, mara nyingi nilijibu imepungua kidogo, kwa sababu alikuwa bahili wa chumvi. Hapo alinung'unika kwamba Watanzania tumezoea samaki wa kukaushwa na hatujui ladha.

Kuna mwaka mvua kubwa ilinyesha Dubai, barabara zikawa mito, na baada ya siku chache uyoga mweupe ukachomoza kwenye nyasi za bustani kando ya ziwa, mkubwa kama sahani. Brayo, mhudumu wetu Mkenya, aliuchuma mfuko mzima. Alikuja nao stoo amefurahi, simu mkononi.

"Mathe, hii ni poa, simu imesema inalika."

"Simu yako ina tumbo?" Mama Stoo alimuuliza.

Hakumgombeza zaidi ya hapo. Alikata kofia moja, akailaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, akaifunika bakuli, akamwambia aende akahudumie wateja wake. Mchana tulipofunua, unga ulioanguka kwenye karatasi ulikuwa na rangi ya kijani. Ule mzuri unaofanana nao hauachi kijani. Brayo alitupa mfuko mwenyewe, akaja kumshukuru. Mama Stoo akamwambia asimshukuru yeye, ashukuru karatasi. Lakini jioni nilimwona akimsimulia mzee wa Kipakistani kisa kile kwa mikono na macho, na katika masimulizi yale karatasi haikutajwa.

Macho yake yalianza kubadilika mwaka jana. Nilikuwa wa kwanza kuona kwa sababu nilikuwa wa karibu. Alianza kusogeza lebo puani. Aliomba taa kali zaidi, ikaletwa, akasema bado hafifu. Siku moja alimsalimia Brayo kwa jina langu. Tuliambizana kwa minong'ono kwamba ni mtoto wa jicho, maana ukimwangalia vizuri uliona weupe kidogo, lakini nani angemwambia? Mkataba wake ulikuwa unakaribia kuandikwa upya, na yeye alishatangaza kwamba anaongeza miaka miwili. Nilianza kupasua tena, kimyakimya, kila alichopasua yeye. Sikukuta kosa hata moja. Vidole vyake vilikuwa vinasaidia macho. Nikajidanganya kwamba vitatosha.

Halafu ikaja Ijumaa ile ya Karama. Mzee wa Kipakistani alikuwa amerudi kwao moja kwa moja, na kabla ya kuondoka alimwachia Mama Stoo zawadi: uzi mmoja wa moreli, si wa biashara, wa nyumbani, uliochumwa na wajukuu zake. Mama Stoo aliona aibu kuuacha stoo. Akatualika chumbani kwao, kile chumba wanachokaa akina mama wanne nyuma ya duka la simu, akatuambia tuje na njaa. Nilifika mapema nimsaidie. Nilimkuta amekaa kitandani karibu na dirisha, bakuli la maji miguuni, sinia mapajani. Alikuwa anapapasa kila mmoja na kuutupa upande wake. Mzuri kulia, mbaya kushoto. Kushoto palikuwa patupu.

Nikauona. Ulikuwa kulia, katikati ya wenzake, umelainika, na kofia yake imening'inia pembeni, sketi kabisa. Hata mtu wa mwezi mmoja jikoni angeuona. Nilikuwa nimesimama na kitunguu mkononi. Ningeweza kuuchomoa tu akigeuka, na Mungu anajua mkono wangu ulishaanza kwenda. Lakini leo ningeuchomoa mimi, na kesho stoo je? Na siku nisiyokuwepo?

Nikasema, "Mama, huu umevalishwa."

Mkono wake ulisimama. Hakuuliza upi. Alinyoosha kiganja, nikauweka humo. Aliushika muda mrefu, akaupeleka karibu na jicho moja, kisha la pili, kisha akaacha kutazama. Akachukua kisu, akaupasua kutoka kichwani hadi mguuni kama kawaida yake, akaingiza ncha ya kidole cha mwisho ndani. Nilijua alichokikuta. Pamba.

"Kweli," alisema.

Nikasubiri ugomvi, au machozi, sikujua lipi lingekuwa jepesi. Hapakuwa na lolote. Aliuweka kushoto, akamwaga rundo lote la kulia kwenye bakuli, mzuri na usiojulikana, akanisukumia bakuli na kisu. "Wewe anza upya, mmoja mmoja," alisema. "Mimi nitakata vitunguu, vitunguu naviona kwa machozi." Nikacheka nikiwa sitaki. Tulifanya kazi hivyo, mgongo kwa mgongo, kwenye chumba kile kidogo. Katikati ya kazi, bila kugeuka, akaniambia kesho atakwenda kwa shefu mwenyewe. Hataongeza mkataba. Kwao wanautoa ule weupe, dada yake alitolewa na sasa anamwona hadi nzi ukutani. Akipona atarudi au hatarudi, ataona, na safari hii ataona kweli. Na shefu akimuuliza nani achukue stoo? "Nitamwambia ina macho tayari," alisema.

Wageni walikuja, Brayo na wengine, wakajibana sakafuni. Chakula kilikuwa kama kile cha kwanza kabisa, na karanga, na wali. Mama Stoo alifungua kontena lake la ndizi na maharage. Hakuna aliyegusa sahani. Wote walijua desturi, walinisubiri mimi. Nikaweka kipande mdomoni. Yeye akajisogeza mpaka magoti yetu yakagusana, akakaza macho usoni kwangu kama siku zote, ingawa nilijua sasa anaona kivuli tu kinachotafuna. Nikameza.

Nilingoja neno lake. Halikuja. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaniuliza kwa sauti ndogo, "Uko salama, mwanangu?"

Nilikuwa nimepasua kila mmoja kwa mkono wangu, kama alivyonifundisha, na sikuwa na shaka hata ya punje.

"Chumvi imepungua kidogo, mama," nikamwambia.

Kisha akainuka akishika ukuta, akaenda kulitafuta kopo la chumvi rafuni huku akinung'unika kwamba hawa Watanzania na samaki wao wa kukaushwa, na watu wakaanza kula.